Miti Thelathini ya Chema

Mzee mmoja wa Kwemhosi alikuwa na mke, watoto watatu na mitiki thelathini. Jina lake Eliezeri Semgaya. Kila alipozaliwa mtoto alizika kitovu chake pembezoni mwa shamba, na mahali pale akapanda miche kumi ya mitiki. Alipozaliwa Zefania alipanda kumi. Loisi naye kumi, na Obedi kumi. Watu walimcheka, kwa maana mtiki hauliwi, na mwenye njaa hangojei mti wa miaka arobaini. Yeye akawajibu kwamba miti ile haikuwa ya watoto. Ilikuwa ya mama yao.

Mkewe aliitwa Damari, lakini mzee hakulitumia jina hilo hata siku moja. Alimwita Chema. Alisema kwamba siku akitangulia yeye, Chema asimwombe mtu. Akiugua, uangushwe mti mmoja. Nyumba ikivuja, uangushwe mwingine. Miti thelathini ilitosha kumfikisha mwanamke mwisho wa safari yake bila kunyoosha mkono kwa jirani. Hiyo ndiyo akiba aliyomwekea, na pale nyumbani kila mtu aliijua.

Mzee akafariki akiwa na miaka themanini na minne, akazikwa vizuri. Sisi wa Kwemhosi tukizika, tunazika kweli. Siku hizi hakuna msiba bila karatasi ya wasifu wa marehemu, yenye picha yake juu, na mtoto mkubwa husimama kaburini akaisoma yote mbele ya watu. Zefania ni mtu wa shule, anafanya kazi mjini. Aliandika kurasa mbili, akachapisha nakala mia mbili, akasoma kwa sauti ambayo hata waliokaa nje ya turubai waliisikia.

Hakuacha kitu. Alisema baba yake alifanya kazi miaka ishirini na sita katika shamba la mkonge, na jinsi alivyowalaza nyumbani kwake vijana waliokuja kutafuta kibarua bila ndugu. Alisema baba alimwita mama Chema, na watu wakacheka huku wanalia. Alisema mama sasa haoni vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho, na kwamba anabaki peke yake katika nyumba ile. Lakini msimhurumie, akasema, kwa kuwa marehemu amemwachia mitiki thelathini iliyokomaa, mali yake mwenyewe. Tukapiga makofi. Kaburini, jamani, tulipiga makofi.

Katika benchi la nyuma aliketi mgeni mmoja mwenye shati jeupe. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, kwa kuwa kwetu msibani mtu haulizwi. Anayekuja kuzika ni ndugu, anapewa kiti na sahani. Mgeni yule aliufuata wasifu neno kwa neno, kwa makini kuliko hata wajukuu wa marehemu. Katikati ya kusoma akamgeukia seremala aliyetengeneza jeneza, maana walikaa bega kwa bega, akamwomba penseli. Seremala akaitoa sikioni akampa. Alidhani mwenzake, maskini, ana uchungu, anataka kuandika neno la kujifariji.

Matanga yakaisha, watoto wakarudi makwao. Mtu asije akasema hawakumpenda mama yao. Zefania alileta fundi akaweka geti la chuma lenye kufuli mbili. Obedi alileta mbwa mkali. Loisi alinunua simu yenye vitufe vikubwa, na kila Jumapili baada ya ibada mmoja wao alimpigia mama, kwa zamu, bila kukosa. Kisha wakalala usingizi. Mama ana geti, ana mbwa, ana simu, na zaidi ya yote ana miti. Ukiwa na mzazi mwenye miti thelathini, utaharakisha nini kumpelekea sukari? Hata habari ya kumtibu macho ilisogezwa mbele, mwaka huu, mwaka ujao, kwa kuwa miti ipo.

Alhamisi ya kwanza baada ya arobaini, hodi ilipigwa getini. Mbwa akabweka kama aliyepandwa na wazimu. Damari akauliza ni nani. Sauti ya upole ikajibu, "Shikamoo, mama Chema."

Nawaomba mlisikie jina hilo kama alivyolisikia yeye. Tangu mumewe ashuke kaburini hapakuwa na kinywa kilicholitamka. Alipapasa ukutani mpaka akaupata ufunguo, akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili.

Mgeni alijitambulisha kwa jina la Filemoni. Alisema yeye ni mmoja wa vijana wa mkonge, na kwamba mzee Eliezeri alimlaza miezi mitatu asimdai hata shukrani. Damari hakumkumbuka. Lakini vijana wale walikuwa wengi, na miaka mingi imepita, naye aliona aibu kumhoji. Kumwambia mtu aliyekula kwako kwamba humjui ni kumtukana. Basi akamkaribisha, akamwuliza habari za wazazi wake, akasikitika aliposikia wote wametangulia.

Filemoni alileta kilo ya sukari. Akafyeka majani uani. Alipomaliza akatoa karatasi ya wasifu mfukoni, akauliza kama mama angependa kusomewa. Damari alikuwa na nakala nne kabatini na hakuwa amepata mtu wa kumsomea hata moja. Akasema, soma, mwanangu. Yule akasoma taratibu, na kila alipofika kwenye jina la Chema alinyamaza kidogo. Mama akalia, moyo ukawa mwepesi, akaingia jikoni kumpikia.

Alhamisi iliyofuata akaja tena, akasoma tena. Alhamisi ya tatu mbwa hakubweka.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Alimtengenezea mlango wa banda. Alimsikiliza akisimulia habari moja mara tatu na hakumwambia kwamba ameshaisema. Kwa ukweli nisioupenda, mtu yule alimtunza. Na Alhamisi ya kumi na nne alikuja na uso mzito. Akasema umeingia ugonjwa wa mitiki katika vijiji vya jirani, unaokula mti kutoka ndani, ukautazama umesimama kumbe ni unga mtupu. Wapo wataalamu wenye dawa nyekundu ya kupaka shinani, na kwa wajane wanaipaka bure. Kinachotakiwa ni dole gumba la mwenye shamba, wasije wakazuiwa kuingia. Lakini wanaondoka Jumatatu asubuhi. Na watoto asiwaambie kwanza, watahangaika bure huko mjini, dawa ikishapakwa atawapa habari njema mwenyewe.

Ni bure, ni haraka, ni siri. Nimeishi miaka sitini na saba, nimeona baraka nyingi, na sijaona hata moja iliyokuja na hayo matatu kwa pamoja. Mkiyasikia mahali pamoja, ninyi au wazazi wenu, simameni hapo hapo, msisogeze mguu.

Damari hakuwa mjinga. Alimwambia Filemoni angoje Jumapili ipite, kwa sababu alitaka kusikia neno la mtoto wake. Siri au si siri, moyo ulimtuma aulize.

Jumapili ilikuwa zamu ya Zefania. Nanyi mnazijua salamu zetu. Mtu mzima akiulizwa habari haanzi na shida. Hata kama paa linaungua atasema nzuri kwanza, ndipo avute pumzi na kuongeza, ila. Zefania akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba. Akauliza habari za huko, akajibiwa nzuri. Akauliza habari za mbwa, akajibiwa mzima. Akasema haya mama, Mungu akulinde, tutaongea wiki ijayo. Simu ikakatwa, na mama akabaki na lile ila mdomoni. Kupiga mwenyewe hakuweza. Vitufe vilikuwa vikubwa, ndiyo, lakini macho hayakuvifikia.

Jumatatu alfajiri akatia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.

Dawa aliipaka Filemoni mwenyewe, kwa brashi na kopo la rangi. Na aliyemwongoza ni Damari. Alitangulia shina hadi shina kwa kupapasa, akisema huu ni wa Zefania, huu wa Loisi, huu wa Obedi, aliuchelewesha kukua mbuzi aliyeula ncha. Aliugusa kila mti kwa kiganja kana kwamba anamtambulisha mtoto kwa mgeni, na nyuma yake brashi ikapita. Walipofika thelathini Filemoni akafunga kopo lake, akaaga kwa heshima zote. Hakuuliza kama upo mwingine, kwa kuwa katika karatasi iliandikwa thelathini.

Upo mwingine. Baada ya Obedi alizaliwa mtoto wa nne akaishi siku tisa. Mzee alimpandia mche mmoja tu, nyuma ya jiko, na tangu hapo yeye na mkewe hawakumtaja mbele za watu. Zefania hakumwandika katika wasifu. Naye Damari hakumpeleka mgeni nyuma ya jiko, kwa maana huko hakuwahi kumpeleka mtu.

Jumanne asubuhi yakaja malori mawili na vijana wanane. Msimamizi wao akapiga hodi kwa adabu. Damari akadhani ni wataalamu wa dawa, wameahirisha safari kwa ajili yake, akaona ni watu wema. Akawafungulia geti kwa mkono wake. Akawapikia chai, akawachemshia mihogo. Wakanywa, wakashiba, wakamwombea maisha marefu. Kisha wakawasha misumeno ya mashine.

Mjane alisimama barazani anasikiliza, bado akidhani ile ni mitambo ya kupulizia dawa, mpaka mti wa kwanza ulipoanguka na sakafu ikatikisika chini ya nyayo zake. Ulikuwa upande wa Zefania. Akauliza kwa sauti kubwa ni nini kimeanguka. Msimamizi akazima msumeno, akamtazama kwa mshangao.

"Ni mti, bibi," akasema. "Si umetuuzia?"

Akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, mwenyekiti wa kitongoji naye akaja. Msimamizi akatoa karatasi ya mauziano ya mitiki thelathini, yenye dole la Damari na majina ya mashahidi wawili ambao hakuna mtu wa Kwemhosi aliyewahi kuwaona. Mwenyekiti akaitazama karatasi. Akatazama alama nyekundu kwenye mashina. Akatazama vikombe vya chai vilivyopangwa barazani, na maganda ya mihogo. Akatikisa kichwa akasema wazee husahau. Hakuna aliyesimama mbele ya mti, hakuna aliyesema ngojeni hadi watoto wafike. Na wale vijana hawakuwa wezi, tajiri wao alimlipa Filemoni kwa nia safi na kibali anacho. Walifanya kazi yao. Damari aliketi chini, na kila mti ulipoanguka aliutaja kwa jina la mtoto wake, akijua kwa upande ulikotoka kishindo. Kufikia saa kumi jioni alikuwa amemaliza watoto wote watatu.

Zefania alipigiwa simu na jirani, akafika kesho yake. Aliposhuka kwenye basi alidhani amekosea kituo, kwa kuwa nyumba yao ilionekana kutoka barabarani, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Akatembea mpaka getini. Geti lilikuwa zima. Kufuli zote mbili zilikuwa mahali pake, hazina hata mkwaruzo. Na mbwa alipomwona akamrukia, akambwekea kwa ghadhabu, kwa maana hakumjua.

Akaingia kwa hasira, hata salamu akaisahau. Akamuuliza mama yake alimwaminije mtu asiyemjua.

"Zefania mwanangu," Damari akasema, "yeye amenisomea habari za baba yako Alhamisi kumi na nne. Wewe ulinisomea mara moja."

Juu ya meza palikuwa na ile karatasi. Filemoni aliiacha, kwa kuwa hakuihitaji tena. Zefania akaichukua. Ni karatasi yake, ni maneno yake, hata pale alipokosea mwaka wa baba yake kuzaliwa palikuwa vile vile. Lakini chini ya baadhi ya maneno palipigwa mistari minene ya penseli. Chini ya vijana wa mkonge. Chini ya Chema. Chini ya haoni vizuri, na chini ya peke yake. Chini ya mitiki thelathini iliyokomaa palikuwa na mistari miwili. Zefania alisoma mbele na nyuma akitafuta kitu kimoja, kimoja tu, ambacho mwizi yule alikijua na hakukitoa kwake. Hakukipata. Mwanaume wa miaka hamsini na minne aliketi sakafuni, karatasi magotini, akalia kwa sauti kuliko alivyolia kaburini.

Taarifa ilipelekwa polisi, ikaandikwa. Nambari ya simu ya Filemoni haikupatikana, na jina lake la kweli hatulijui hata sasa. Mbao zilishapasuliwa, zimekwenda mbali. Zefania akaling'oa geti akaliuza, na kwa geti lile mama yake akapelekwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alifanya kazi nzuri. Damari akarudi nyumbani anaona, akashuka garini bila kushikwa mkono, na kitu cha kwanza alichokiona kwa macho yake mapya ni visiki thelathini, kila kimoja na rangi nyekundu.

Kuna aliyemfariji kwamba mtiki ukikatwa huchipua. Ni kweli, huchipua. Lakini mtiki unataka miaka arobaini, na Damari ana sabini na tisa.

Siku hizi watoto wake wanakuja, mmoja kila Alhamisi, hata kama ni safari ya kutwa. Mbwa amewajua. Wakipiga simu na mama akajibu nzuri, hawakati. Wananyamaza kidogo, kisha wanauliza, ila? Na karatasi yoyote ikiletwa pale nyumbani, iwe ya dawa, ya mbolea au ya bahati nasibu, mama huiweka chini ya mto wa kitanda mpaka wawili kati yao waje wamsomee. Mwenye haraka huambiwa aende zake na haraka yake. Nyuma ya jiko ule mtiki mmoja umesimama, na ndio pekee wa mzee Eliezeri ulio hai, nao ni ule ambao hatukuutangaza kwa watu.

Mimi ninayewaambia haya sina kidole cha kumnyooshea mtu. Zefania aliponionyesha ile karatasi niliitambua mistari ile kabla hajaniambia kitu. Ni ya penseli bapa, ya seremala, na Kwemhosi nzima seremala ni mimi. Niliitoa sikioni mwangu, nikampa mtu aliyeketi bega kwa bega nami, na sikumuuliza hata jina lake. Mwana aliandika, tukampigia makofi. Simu ikakatwa. Mwenyekiti alitazama vikombe, na majirani wakamtazama mwenyekiti. Basi niambieni, enyi wenye wazazi vijijini na mageti ya chuma, zile kufuli mbili zilifunguliwa na nani?